Orodha ya Maneno Yasiyotosha

Kirumba, Mwanza
9 Mei 1961

Kaka Makame,

Shikamoo. Sisi hapa ni wazima wa mwili. Mama anakula, si sana, ila sahani hairudi kama ilivyokwenda. Mume wangu bado yuko Tabora na reli yake, anasema likizo yake ni Agosti. Watoto wana kikohozi cha mvua. Mihogo ya shambani Kiseke nusu imeoza kwa maji, mama ameing'oa iliyobaki na kuianika barazani, kwa hiyo nyumba nzima inanuka mihogo.

Arobaini ya ndugu yetu Msafiri tuliisoma Jumatatu ya juma lililopita. Walikuja watu wengi kuliko chakula tulichopika. Walikuja hata wateja wake, akiwamo yule mama wa Kihaya, Celestina, ambaye gauni lake lilibaki kwenye cherehani halina shingo. Alilichukua hivyohivyo, hakutaka fundi mwingine aliguse. Watu waliuliza kaka mkubwa wa marehemu yuko wapi. Mimi nikasema yuko kazini ng'ambo. Mama akainuka kukusanya sahani.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Mvua ya mwezi huu imelibonyeza kaburi. Seif, jirani yetu anayetengeneza vibatari, alikwenda kulitazama akasema upande wa kichwani udongo umeshuka kina cha mkono mpaka kiwiko. Alitaka kulijazia siku ileile. Mama akamkataza, akamwambia, "Wewe umeshaingia mle mara moja badala ya mtu, inatosha." Unajua alikuwa na maana gani. Siku ya mazishi walipouliza ndugu wa kuingia kaburini kumpokea maiti, hakupatikana. Baba hayupo, mume wangu alikuwa Tabora, na wewe hukuwapo. Akaingia Seif, ambaye si damu yetu.

Kwa hiyo kaburi linakungoja wewe. Kutoka Sengerema mpaka Kamanga ni safari ya asubuhi, na kuvuka ziwa hapo si safari ya kuitaja. Mama anataka kujua mambo mawili, utakuja lini, na kwa nini hukuja.

Mdogo wako,
Mwaija


Barazani, Sengerema
27 Mei 1961

Mdogo wangu Mwaija,

Marahaba. Mpe mama shikamoo yangu, umwambie nimeipata habari ya mihogo na nimesikitika. Mimi ni mzima. Chumba changu kinavuja upande wa kitanda, nimekihamisha kitanda, sasa kinavuja upande wa meza. Hakimu wetu, Bwana Rugemalira, anakusalimu ingawa hakujui. Ni Mhaya mpole anayetafuna buni tangu asubuhi mpaka baraza linapofungwa, na ukimwambia jambo hutikisa kichwa kwanza, halafu huuliza swali usilolitegemea.

Juu ya uliyoniuliza. Ujumbe wa msiba ulinifikia Ijumaa mchana, na aliyeuleta ni Antoni, dereva wa lori, unaweza kumwuliza. Ijumaa hiyo Msafiri alikuwa ameshazikwa tangu jana yake. Siku ya arobaini baraza lilikuwa na kesi ya mpaka wa shamba, mashahidi kumi na mmoja, na karani ni mimi peke yangu. Juu ya kuja sasa, barabara ya Kamanga imekatika sehemu mbili.

Zaidi ya hayo nimepewa kazi nyingine. Hukumu za mabaraza zikikatiwa rufani zinarudi na wino mwekundu, kwa sababu mahakimu wengi, mtu akijitetea asiridhishe, huandika neno moja tu, amesema uongo. Bwana Rugemalira anasema si haki. Anasema mtu anaweza kusema kweli tupu na bado maelezo yake yasimtoshe anayesikiliza, na mtu huyo asiitwe mwongo. Ametaka nimwandikie orodha ya maneno ya Kiswahili yanayofaa kwa utetezi usioridhisha, kila neno na kipimo chake, ili mahakimu wachague. Mpaka leo nimepata sita. Wewe na mama mnaishi na watu wa kila kabila hapo Kirumba, na mama hapungukiwi maneno. Nisaidieni.

Kaka yako,
Makame


Kirumba
18 Juni 1961

Kaka Makame,

Shikamoo. Kikohozi kimewatoka watoto kikanihamia mimi. Mama yuko vilevile. Amefungua dirisha la chumba cha Msafiri kwa nje lakini chumba chenyewe haingii.

Nilimsomea barua yako mara mbili. Baada ya mara ya kwanza alisema, "Haijakaa." Akaniambia nirudie pale pa Ijumaa. Nikarudia. Akasema, "Ndiyo. Haijakaa." Basi liandike hilo, liwe la saba. Nilimwuliza maana yake kwa ajili ya hakimu wako, akasema ni kama ndoo kichwani juu ya kata iliyolegea. Ndoo si mbovu na maji si machafu, ila huthubutu kuachia mkono.

Antoni nilimwuliza, kwa kuwa wewe mwenyewe umesema nimwulize. Anasema ni kweli alikukuta barazani Ijumaa mchana, ukampokea ujumbe ukakaa chini. Sina ubishi. Mama naye hana ubishi. Nataka uelewe hapo, hakuna mtu katika nyumba hii aliyesema umedanganya.

Maneno mengine haya. Wauza samaki hapa chini wakimwona mtu anazungukazunguka wanasema anauma maneno. Mtu akisema mengi ili aonekane msafi wanasema anajikosha. Akisema jambo, halafu akasema jingine linalolikataa la kwanza, wanasema anajikanyaga. Bibi mmoja muuza ndizi aliniambia kuna maneno yanaingia sikio hili yanatokea lile na kuna maneno ambayo hata sikio la kwanza hayaingii, nikamwambia nitaandika yote mawili. Na kuna neno la Msafiri. Mteja akija na sababu za kuchelewa kuchukua nguo, yeye alikuwa akimwambia, "Limepwaya hilo, mzee." Alikuwa na maana kwamba mwili upo na nguo ipo lakini havigusani. Alikuambia hata wewe siku ya Idi, uliposema huwezi kulala kwetu kwa sababu ya kazi. Nilikuwepo, tukacheka wote watatu.

Barabara ya Kamanga imetengenezwa. Antoni amepita juzi.

Mdogo wako,
Mwaija


Sengerema
9 Julai 1961

Mdogo wangu Mwaija,

Marahaba, na pole kwa kikohozi. Chemsha tangawizi. Nimefurahi kusikia dirisha limefunguliwa.

Maneno yenu yamenisaidia mno. Haijakaa nimeliweka karibu na mwanzo, na Bwana Rugemalira alilisoma akatafuna buni muda mrefu, kisha akasema mama yetu angefaa kuwa hakimu. Limepwaya pia nimeliandika. Nimeandika kwamba limetoka kwa fundi cherehani mmoja wa Kirumba. Sikuandika marehemu, baadaye nikaliongeza neno hilo kwa juu, halafu nikalikata kwa sababu ilikuwa inachafua mstari.

Kuja kwangu bado kuna ugumu. Msimu wa pamba umeanza, na msimu wa pamba ndio msimu wa kesi, watu wanagombana kwenye foleni ya mizani mpaka tunakosa viti vya mashahidi. Halafu nina kidonda mguuni tangu wiki tatu, kwa kutembea na viatu vilivyolowa. Kinapona polepole. Kuhusu kaburi nimemwuliza mwalimu wa madrasa wa hapa, mtu mwenye elimu, na amesema dini haimkatazi yeyote kulijazia kaburi lililobonyea, awe ndugu au jirani. Mwambieni Seif alijazie tu. Mama akielezwa hivyo nadhani ataelewa.

Kaka yako,
Makame


Kirumba
27 Agosti 1961

Kaka Makame,

Shikamoo. Nimechelewa kujibu na sina sababu ya kukupa. Nilikuwa sitaki tu. Mume wangu alikuja na amekwisha rudi Tabora. Watoto wazima.

Nilimsomea mama habari za pamba, kidonda na mwalimu wa madrasa. Alikuwa anachambua mchele, hakuacha. Mwisho alisema, "Makame amesoma sana." Sijui kama hilo nalo ni la orodha. Kisha akaniambia jambo moja la siku ya mazishi, ambalo amekaa nalo peke yake tangu Machi. Nilipolisikia niliacha sufuria jikoni mpaka maharage yakaungua. Amenikataza kukuandikia jambo hilo. Ameniruhusu kukuuliza swali moja, nawe umjibu kwa mkono wako. Alhamisi ile ulivaa koti gani?

Hilo tu. Kaburi sasa udongo wake umekauka umepasuka, na mbuzi wa watu wanalala mle shimoni wakati wa jua. Seif huwafukuza akipita. Na mimi nimekwenda mpaka kwenye ua wa makaburi nikawafukuza kwa mawe, nikarudi nyumbani, nikafua nguo. Siku hizi nafanya hivyo, nafanya kitu halafu nafanya kingine.

Mwaija


Sengerema
20 Septemba 1961

ORODHA YA MANENO YAFAAYO KWA MAELEZO YASIYORIDHISHA
Imetayarishwa na Karani wa Baraza

Yafuatayo yamepangwa kuanzia mepesi kwenda mazito. Hakimu asiruke mepesi.

1. Haijakaa. Kwa maelezo yasiyo na kosa la wazi lakini msikilizaji hathubutu kuyaachia mkono. Limetolewa na mama mmoja wa Kirumba.

2. Yamepwaya. Kwa sababu iliyo kubwa kuliko jambo lenyewe, au ndogo kuliko jambo lenyewe. La fundi cherehani wa huko huko.

3. Hoja nyepesi. Litumike pale ambapo mtu ana hoja kweli, ila ukiiweka kwenye mizani haishuki.

4. Anauma maneno. 5. Anazungukazunguka. Haya mawili yanafanana. Tofauti ni kwamba anayeuma maneno anajua anachokificha, na anayezunguka huenda amepotea kweli.

6. Kisingizio. Lisitumike ovyo. Kila kisingizio ni sababu ya mtu fulani.

(Kutoka saba hadi kumi na tisa yamo: kubabaisha, kujikosha, kujikanyaga, porojo, maneno matupu, yasiyo kichwa wala miguu, na mengine, pamoja na mifano ya kesi.)

20. Kuruka kimanga. Kukana jambo zima ambalo watu wamelishuhudia.

21. Uongo. Hili liwe la mwisho, na lithibitishwe.

22. Bado sijapata neno kwa maelezo ambayo kila kipande chake ni kweli na kina shahidi, lakini aliyeyatoa ameyatoa ili asiseme jingine. Nimewauliza wazee wa baraza na hawakukubaliana. Nafasi imeachwa hapa chini.


Kirumba
8 Oktoba 1961

Kaka Makame,

Shikamoo. Umekosea bahasha.

Niliifungua mbele ya mama. Ndani mlikuwa na karatasi nne za mwandiko wako mzuri wa barazani, hakuna salamu wala jina la mtu. Nikasema, mama, hii si yetu. Akauliza juu ya bahasha pameandikwa nani. Nikasema mimi. Akasema, "Basi soma."

Nikasoma yote ishirini na mbili, na mifano ya kesi. Alikuwa mkekani amenyoosha miguu. Kila neno alitikisa kichwa kidogo, kama mtu anayeletewa salamu za watu anaowafahamu. Nilipofika mwisho penye nafasi tupu nikanyamaza, naye akauliza mbona umenyamaza. Nikamwambia hapo kaka hakuandika kitu. Akasema, "Katika barua zake zote, hii ndiyo aliyojitahidi." Kisha akacheka. Tangu Machi sijamsikia akicheka, na sikukipenda kicheko chenyewe, lakini kilikuwa kicheko.

Kwa hiyo barua yetu iko wapi? Kama orodha ilikuja kwetu, yetu ilikwenda kwa hakimu. Najua jinsi unavyofanya kazi, unapanga bahasha mezani halafu unatia karatasi bila kutazama.

Swali la koti bado halijajibiwa.

Mdogo wako,
Mwaija


Sengerema
12 Novemba 1961

Mdogo wangu Mwaija,

Marahaba. Mpe mama shikamoo. Kidonda kimepona.

Ndivyo ilivyokuwa. Barua yenu niliitia kwenye faili la Bwana Rugemalira. Karatasi ya kwanza yenye salamu ilibaki chini ya kitabu cha kesi, zikaenda mbili zilizofuata. Nilikuwa nimeandika kwamba makoti ninayo matatu, kwamba ni vigumu mtu kukumbuka nguo ya siku moja baada ya miezi sita, kwamba Alhamisi ile nilikuwa na ruhusa kwa sababu ya shughuli ya fundi, na kwamba ujumbe ulinifikia kesho yake. Hakimu hakujua ni barua ya nyumbani. Alidhani nimemtungia maelezo ya mtu ili aijaribu orodha. Alizirudisha asubuhi na wino mwekundu chini yake. Nakunakilia alivyoandika: "Mtu huyu hasemi uongo. Anapanga kweli nyingi mbele ya moja. Hajajibu alichoulizwa." Akaniuliza, shahidi huyu ni wa kesi gani. Nikamwambia kesi haijasikilizwa bado. Akatikisa kichwa, akaniambia basi aitwe.

Nitaandika kama ninavyoandika ushahidi, maana njia nyingine siijui.

Siku ya Idi Msafiri alinijaribisha lile koti la kahawia alilokuwa ananishonea. Lilikuwa limekwisha isipokuwa mkono wa kushoto, aliokuwa ameushikiza tu kwa uzi mweupe. Alisema, rudi Alhamisi umelivaa, nione mkono unavyolala ukitoka kutembea. Ndiyo shughuli ya fundi. Sikujua kwamba Jumatatu ameanza homa. Alhamisi nililivaa, nikavuka Kamanga, nikafika Kirumba saa tisa. Kwenye kona ya karakana ya Seif niliona wanaume wengi mlangoni kwetu. Nikamwuliza mwanamke muuza ndizi nani amekufa. Akasema fundi Msafiri, alfajiri ya leo, homa ya siku tatu. Akaniuliza kama nilikuwa na nguo kwake. Nikasema ndiyo.

Nilisimama ukutani kwa Seif. Jeneza lilipotoka nililifuata kwa nyuma, kama mtu anavyofuata maziko ya mtu asiyemjua. Makaburini sikuingia. Nilisimama kwenye ua wa minyaa. Nilimsikia Seif akiuliza, "Ndugu yake amefika?" Aliuliza mara mbili. Kutoka pale nilipokuwa ni hatua arobaini, nimezihesabu kwa macho mara nyingi. Sikuitika.

Utataka kujua kwa nini. Nimekaa na swali hilo miezi minane na kazi yangu ni kuandika sababu za watu. Sikuogopa. Sikuwa nalia, na miguu ilikuwa mizima. Nilikuwa nautazama mkono wa koti, ule uzi mweupe, nikawa nafikiri sasa huu ataumaliza nani. Hilo ndilo nililokuwa nafikiri wakati wanamteremsha. Baadaye nikashuka kivukoni, nikanunua sato wa kukaanga, mkubwa, nikammaliza mpaka nikalamba vidole. Njaa ilikuwa njaa ya kweli. Ijumaa asubuhi niliandika kesi tatu, na mwandiko haukutetereka. Antoni alipofika na ujumbe nilikaa chini kama alivyokuambia, wenzangu wakanipa mkono wa pole, nikaupokea.

Sina hoja, Mwaija. Zile zote nilizowaandikia zilikuwa kweli na nilizitumia kama mtu anavyorundika mizigo mlangoni. Nilikuwa siwezi kuja kwa sababu nikija mama angeniuliza, na nikiulizwa uso kwa uso sina pa kuweka nafasi tupu. Nilimwacha mdogo wangu akapokelewa na fundi vibatari. Nasikia aibu, na hata aibu yenyewe naisikia kwa mbali, kama redio ya nyumba ya pili.

Koti liko kwenye sanduku tangu siku ile. Msomee mama yote. Usiruke, hata pale pa samaki.

Kaka yako,
Makame


Kirumba
2 Desemba 1961

Kaka Makame,

Shikamoo. Sisi wazima. Mihogo mipya ya Kiseke imeshika. Mtaani wanapaka chokaa kuta kwa ajili ya uhuru, na Seif ameacha vibatari, anakata vibendera vya bati kwa watoto. Vina makali, tumemwambia.

Nilimsomea mama yote. Pale pa samaki nilisoma. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, na leo nakuandikia lile alilonikataza mwezi wa nane, kwa sababu ameniruhusu.

Alikuona. Alikuwa dirishani kwa Msafiri akitazama jeneza linavyotoka, akakuona umesimama ukutani, na ule uzi mweupe wa mkono wa kushoto unaonekana tangu mbali. Alisema moyoni, Makame amefika, mwanangu atapokelewa na ndugu yake. Akarudi mkekani akakaa, akalia vizuri, anasema ndicho kilio pekee kilichomfaa siku ile. Alikuwa ametulia hivyo mpaka Seif aliporudi na udongo mikononi mpaka mabegani, akasema samahani mama, tulimtafuta nduguye hakuonekana. Mama akamjibu asante. Tangu hapo alikuwa anangoja uandike kwamba ulikuja. Alikuwa hangoji sababu. Sababu ni wewe uliyekuwa unazileta.

Nilimwuliza basi nikuandikie neno gani. Aliinuka, akaingia chumbani kwa Msafiri, mara ya kwanza tangu Machi, akatoka na kisanduku cha nyuzi akakiweka mezani. Halafu akaenda nyuma ya mlango akalitoa jembe la Kiseke, akaligonga mpini kwenye kizingiti kuona kama linacheza. Linacheza kidogo. Seif atalitia kabari.

Mimi bado nina hasira na wewe. Sijui itaisha lini na sitaki kukudanganya kwamba inakwisha. Nilikuwa jikoni siku ile, nimechemsha maji ya chai ya watu mia, na wewe ulikuwa ukutani hapo nje. Ukifika sitakupigia vigelegele. Nitapika wali, utakula, nitaosha vyombo.

Uhuru ni Jumamosi ijayo. Redio imesema mabaraza yote yatafungwa, kwa hiyo habari ya mashahidi usiiandike. Barabara ni nzima. Vuli imelainisha udongo, Seif anasema mtu mmoja mwenye nguvu atalijaza kabla ya adhuhuri, na yeye atakuwa pembeni akuoneshe upande wa kichwani ulipo. Hataingia.

Koti usilivae siku hiyo, kazi ni ya udongo. Lilete mkononi. Mama ameshapata uzi wa kahawia.

Mdogo wako,
Mwaija